Kuondoa Magogo Bila Kuharibu Ardhi

Mti mkubwa unapoangushwa uani au kando ya barabara kisiwani Mombasa, macho ya watu huwa kwenye msumeno. Hatari ya kuangukia paa au nyaya za stima inaeleweka na kila mtu. Hasara isiyoonekana upesi huja baadaye, lori linaporudi kinyumenyume hadi kwenye shina kubeba magogo.

Udongo mzuri una matundu madogo ya kupitisha maji na hewa. Gurudumu likikanyaga, matundu hufungika. Utafiti wa misitu umeonyesha kuwa sehemu kubwa ya madhara hutokea katika safari chache za kwanza. Zinazofuata huongeza kidogo. Kwa hiyo dereva anayebadilisha njia kila mara ili asichimbe mahali pamoja huharibu uwanja mzima badala ya ukanda mmoja. Udongo ulioshindiliwa huweza kukaa hivyo miaka mingi. Maji ya mvua hayazami tena, hutiririka hadi mlangoni kwa jirani, na miti iliyobaki hudhoofika, kwani mizizi mingi ya kunyonya maji iko karibu na uso wa ardhi na huenea kupita kivuli cha matawi.

Kisiwani kuna jambo la ziada: chini ya ua huenda mna kisima cha zamani, shimo la choo au bomba. Kifuniko kimoja kilichochoka kinatosha kuangusha lori.

Njia salama ni gari kubaki barabarani na gogo kulifuata. Shina hukatwa vipande vifupi, kisha huvutwa kwa winchi au kutolewa kwa mkokoteni. Vichochoro vya Mji wa Kale havijapata kuruhusu vinginevyo. Boriti za mikoko zilizobeba dari za nyumba zake zilishushwa kutoka majahazini na kuingizwa kwa mabega ya mahamali. Hakuna anayetaka kurudisha mzigo wote huo mabegani mwa watu, lakini ardhi haikuumia.

Gari likilazimika kuingia, njia moja itiwe alama kabla ya kazi, mbali na miti inayobaki, na matawi yaliyokatwa yatandazwe juu yake. Wengi huyapakia matawi kwanza. Ni kosa, yapakiwe mwisho. Mzigo upunguzwe, na mti usio na hatari usubiri masika yaishe, hasa mwezi wa Mei. Udongo ukifinyangwa kiganjani na kushikamana kama donge la chapati, gari lingoje.

Kwenye tope la mikoko ya Tudor mashine haifai kabisa. Mchu hupumua kwa vijiti vya mizizi vinavyochomoza topeni, na vikivunjwa au kufukiwa mti hufa. Mikoko ya pwani ni msitu wa serikali tangu 1932, na kuikata bila kibali cha Shirika la Huduma za Misitu Kenya ni kosa. Mwenye kibali huingia kwa shoka na mashua, na maji yakijaa ndiyo yanayoutoa mzigo.

Kwa mti wa uani, mkazi anashauriwa kufika kwanza katika ofisi ya mazingira ya kaunti, kisha amuulize mkandarasi kabla ya kukubaliana bei: gari litasimama wapi?