Sufuria ya Raisikuka Isiende Motoni

Jioni moja ya mvua, dada mmoja aliletwa kwenye zahanati yetu. Alikuwa akitetemeka kwa baridi, lakini mwili wake ulikuwa wa moto. Kifua kilimbana. Alikohoa kikohozi kikavu. Mumewe aliniambia, "Mganga, hii ni malaria. Tupe dawa twende nyumbani."

Tulimpima damu. Hatukuona malaria. Basi nikamwuliza dada yule siku hiyo alifanya kazi gani.

Alinieleza hivi. Ana jiko la umeme la kupikia wali, lile ambalo watu huliita raisikuka. Mchana umeme ulikatika. Akaitoa sufuria ya ndani ya jiko hilo, akaiweka juu ya jiko la mkaa ili aunge mboga. Kabla hajatia mafuta alikwenda kwa jirani kuomba chumvi. Mazungumzo yakawa marefu. Aliporudi, sufuria ilikuwa tupu motoni na chumba kimejaa moshi wenye harufu kali. Kuku aliyekuwa akiatamia mayai pembeni alikuwa amekufa. Dada alikaa mle ndani kwa muda akisafisha. Jioni homa ikaanza.

Tulimlaza penye hewa safi na kumwangalia usiku kucha. Kesho yake jioni homa iliondoka.

Habari hiyo ilienea kijijini upesi. Watu wakasema, "Raisikuka ina sumu." Mama mmoja mzee alikuja kwangu na jiko lake limefungwa ndani ya khanga. Akasema, "Mwanangu, hili nililetewa na kijana wangu aliyeko mjini. Nilitupe?"

Nilimjibu, "Hapana mama, usilitupe." Leo napenda kueleza sababu, kwa kuwa umeme umefika katika vijiji vingi na majiko haya yanazidi kununuliwa.

JIKO HILI HUFANYAJE KAZI?

Jiko la umeme la wali lilianza kuuzwa na kampuni ya Toshiba huko Japani mwaka 1955. Lina sehemu mbili. Sehemu ya nje ina sahani ya chuma inayopashwa moto na umeme. Sehemu ya ndani ni sufuria inayotoka.

Maji huchemka kwenye joto la digrii 100. Maadamu maji yamo ndani ya sufuria, joto la chakula halipandi zaidi ya hapo. Mchele ukishanywa maji yote, joto huanza kupanda. Chini ya sufuria kuna kifaa kinachohisi joto hilo. Likipita digrii 100 kidogo tu, kifaa hicho hukata moto wa kupikia. Unasikia "tak!" Wali umeiva.

Kwa hiyo jiko hili hujipima lenyewe. Moto wa mkaa na wa kuni haujipimi. Huendelea kupanda hata kama sufuria ni tupu.

UTANDO MWEUSI NI NINI?

Sufuria nyingi za raisikuka zimepakwa utando mweusi au wa kijivu ndani. Kazi yake ni kuzuia wali usishike chini. Utando wa namna hii hujulikana sana kwa jina la Teflon. Kitu chenyewe kiligunduliwa Marekani mwaka 1938.

Utando huu hustahimili joto mpaka kiasi cha digrii 260. Ukipita hapo huanza kuharibika. Ukizidi sana hutoa moshi wenye sumu. Sufuria tupu juu ya mkaa uliowaka vizuri hufika huko kwa dakika chache.

Mtu akivuta moshi huo hupata homa, baridi, maumivu ya mwili na kubanwa kifua baada ya saa chache. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili, lakini wengine huumia mapafu. Ndege hufa upesi zaidi, kwa sababu mapafu yao hudhurika haraka. Mkaa nao, ukiwashwa ndani ya chumba kisicho na hewa, hutoa hewa ya sumu inayoweza kuua mtu.

Basi ukiukuta moshi wa namna hiyo, toka nje kwanza. Toa watoto. Fungua milango. Ukipata homa au ukibanwa kifua, nenda zahanati, na umweleze mganga habari ya moshi. Usimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha.

VIPANDE VIKILIWA JE?

Mama mzee aliniuliza pia, "Na hivi vipande vyeusi ninavyoviona kwenye ukoko?"

Kipande kidogo cha utando kikimezwa hakiyeyuki tumboni. Hupita na kutoka chooni. Hata hivyo, usiache sufuria iendelee kubanduka. Utando ukitoka sehemu kubwa, nunua sufuria nyingine ya ndani inayolingana na jiko lako. Usiukwangue uliobaki.

NA HABARI YA SARATANI?

Habari hii inatokana na dawa ya kiwandani iitwayo PFOA. Zamani ilitumika katika kutengeneza utando huu. Dawa hiyo hukaa mwilini kwa miaka. Huko Marekani iliingia katika maji ya kunywa ya watu walioishi karibu na viwanda. Mwaka 2023 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Lakini ndani ya sufuria iliyokwisha tengenezwa PFOA hubaki kidogo sana. Viwanda vikubwa vya Marekani viliahidi kuiacha ifikapo mwaka 2015, na mwaka 2019 mataifa yalikubaliana kuikomesha. Ukiona sanduku limeandikwa kwamba sufuria haina PFOA, ni jambo jema. Lakini maandishi hayo hayana maana kwamba sufuria inaweza kuwekwa juu ya mkaa. Utando bado ni ule ule, na moto mkali bado utauunguza.

UKIENDA KUNUNUA

Usivutiwe na rangi na maua. Angalia mambo haya:

1. Ukubwa. Jiko la lita 1 latosha familia ndogo. Familia ya watu 6 au zaidi ichukue la lita 1.8 au kubwa zaidi.

2. Sufuria ya ndani. Itoe uishike. Iwe nzito, isiwe na mikwaruzo, wala isiyumbe. Kama utando unakutia wasiwasi, uliza sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Wali utashika kidogo chini, lakini ukiiloweka itatakata.

3. Umeme wake. Soma kibandiko chini ya jiko. Kiwe na volti 220 mpaka 240. Waya uwe mzima na plagi iingie vizuri kwenye soketi. Tazama pia alama ya TBS.

4. Wati. Tufanye hesabu. Jiko la wati 700 likipika kwa nusu saa hutumia wati 350 kwa saa. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa. Kwa hiyo chungu kimoja cha wali hula kiasi cha theluthi moja ya uniti. Umeme mdogo wa jua wa kuwashia taa hauwezi kuendesha jiko hili.

KULITUNZA

Chambua na kuosha mchele katika bakuli lingine. Mawe na mchanga hukwaruza utando.

Pakua kwa mwiko wa mti au wa plastiki. Usitumie kijiko cha chuma. Ukoko ukishika, tia maji na uache ulowe. Usisugue kwa mchanga, majivu wala waya.

Kausha sehemu ya nje ya sufuria kabla ya kuirudisha. Jiko lenyewe usilizamishe majini. Toa plagi kabla ya kulifuta. Liweke mahali ambapo mtoto hawezi kuvuta waya, maana mvuke wake huunguza.

Umeme ukikatika, hamishia chakula katika sufuria ya kawaida ya kwenye moto. Sufuria ya raisikuka ibaki ndani ya jiko lake.

TUSISAHAU KIPORO

Iko hatari nyingine ambayo watu hawaisemi. Mchele una vijidudu ambavyo havifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu usiku kucha, vijidudu hivyo huamka na kutoa sumu inayoleta kutapika na kuhara. Kuupasha moto asubuhi hakuondoi sumu hiyo.

Umeme ukikatika usiku, wali uliomo ndani ya raisikuka hukaa katika vuguvugu hilo hilo. Basi pika kiasi kinacholiwa. Kiporo kilicholala bila jokofu usimpe mtoto.

Ndugu msomaji, moshi wa kuni unaowaumiza macho na vifua akina mama kila siku ni adui mkubwa kuliko utando huu. Jiko la umeme lapunguza moshi huo. Mama mzee alirudi na jiko lake nyumbani. Juzi nilipita kwake nikakuta amelitundikia mwiko wa mti ubavuni. Aliniambia, "Mwanangu, wajukuu wameshaambiwa. Sufuria hii haiendi mafigani."

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini sufuria ya raisikuka haiungui ikiwa ndani ya jiko lake?

2. Utafanya nini ukikuta sufuria yenye utando inatoa moshi?

3. Jiko la wati 500 likipika kwa saa moja, litatumia sehemu gani ya uniti?