Matatu yako ya plastiki ni safi mno, ichafue
Umeunganisha Toyota HiAce ya plastiki ya Aoshima, kipimo cha 1:24, urefu wa sentimita 20 hivi. Umeipaka rangi na mstari wa manjano wa sheria za Michuki, 2004. Inang'aa, lakini bado ni kichezeo tu.

Sasa simama stejini Kutus uangalie magari. Yanayoshuka kutoka pande za Kerugoya hubeba vumbi jekundu. Ya Mwea, matope meusi yanayokauka kijivu. Amua: yako inatoka wapi?

Chekecha udongo mkavu wa huko, changanya na gundi nyeupe na maji, upake nyuma ya magurudumu. Paa lipate vumbi kidogo tu. Matope hayarukii huko. Mtu wa Kutus akiiona, ajue ruti yake.