Pumba za Mpunga na Ugonjwa wa Saratani

Huko Mngeta, kati ya milima ya Udzungwa na mto Kilombero, mpunga ndio tegemeo la mkulima. Baada ya mavuno, mashine ya kukoboa hutoa vitu vitatu: mchele, makapi magumu ya nje, na pumba laini, yaani utando mwembamba unaoizunguka punje. Mchele huliwa au hupelekwa sokoni. Pumba hupewa kuku na nguruwe. Hata hivyo, ni katika pumba hizo ambamo mmea umeweka akiba ya kemikali kama gama-orizanoli na tokotrienoli.

Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi cha Tokyo, Japani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya pumba za mpunga. Walizichanganya na maji, wakazichuja, kisha wakauzungusha mchujo kwa kasi kubwa mno hadi vijichembe vikatuama. Kipenyo cha kijichembe kimoja kilizidi kidogo nanometa 100. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unene wa unywele ni nanometa 80,000 hivi.

Je, udogo huo una faida gani? Kemikali zilizotajwa zina asili ya mafuta, nazo haziyeyuki katika maji. Zikibebwa na vijichembe, huweza kuenea katika majimaji ya mwili na kuingia ndani ya seli. Seli ya saratani ni ile iliyoasi utaratibu wa mwili ikawa inagawanyika bila kikomo. Katika maabara, vijichembe hivyo vilipunguza protini zinazochochea mgawanyiko huo, na seli za saratani zikafa. Seli zisizo na ugonjwa hazikudhurika kwa kiasi hicho. Panya waliopandikizwa saratani tumboni walipodungwa vijichembe hivyo, ukuaji wa uvimbe ulipungua.

Jambo hilo lina uzito, kwa sababu dawa nyingi za saratani huua pia seli nzima zinazogawanyika upesi, kama zile za nywele na za uboho. Wala si ajabu mmea kutoa dawa. Vinkristini, itokayo katika ua la Madagaska linalopandwa katika bustani nyingi, hutumika kuwatibu watoto wenye uvimbe wa Burkitt, ugonjwa ulioelezwa na daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958.

Lakini panya si binadamu. Tiba hiyo haijathibitishwa kwa wagonjwa, na vijichembe vilidungwa kwa sindano, havikuliwa. Kwa hiyo kula pumba si kutibu saratani. Mwenye uvimbe usioeleweka na awahi hospitali, ambako ataweza kupewa rufaa hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kuchelewa huupa ugonjwa nafasi ya kuenea.

Zaidi ya hayo, mafuta ya pumba huanza kuchacha mara baada ya kukobolewa, na mpunga uliochunguzwa ulikuwa wa Japani. Je, pumba za Supa au SARO 5 zina kemikali hizo kwa kiasi gani, na zihifadhiwe vipi? Maswali hayo yanafaa kuanzia darasani, kando ya mashine ya kukoboa.