Konzi ya Majani: Jinsi Ishara Zinavyosema katika Mashairi na Sanaa



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo liwasumbualo wanafunzi wengi wanapopewa shairi au hadithi, kisha wakaulizwa, "Mtungaji akusudia nini?" Wengi hudhani ya kuwa maana imefichwa mahali pa siri, na ya kuwa mwalimu peke yake ndiye mwenye ufunguo. Sivyo. Kila mtu aliyekulia kijijini amekuwa akisoma ishara tangu utoto wake, ijapokuwa hakuziita kwa jina hilo.

Tuanzie nyumbani, Nduruma. Maji ya mto wetu hushuka kutoka Mlima Meru, na wakulima wa uwandani huyapitisha katika mifereji na kuyagawana kwa zamu. Tuseme kijana mmoja Mwarusha amefungua maji usiku ambao si wa zamu yake, na maharagwe ya jirani yake yamenyauka kwa kukosa maji. Wazee wamemkanya, naye amejuta. Asubuhi aja kwa jirani yule pamoja na mzee mmoja, ameshika konzi ya majani mabichi mkononi. Lakini jirani ni mgeni aliyehamia kutoka mbali. Ayatazama majani, na hasira yampanda. "Umenikaushia shamba," asema, "nawe waniletea majani! Je, mimi ni ng'ombe?"

Tazameni, wasikilizaji, jinsi amani ilivyokaribia kupotea kwa ajili ya ishara isiyosomeka. Kwa Waarusha, kama kwa Wamasai ndugu zao, majani mabichi mkononi ni ombi la amani. Sababu yake si ngumu kuiona. Ng'ombe huishi kwa majani, na mfugaji huishi kwa ng'ombe. Majani hufuata mvua, na mvua ni baraka. Tena mkono ulioshika majani haukushika mkuki. Kijana yule alikuwa amekwisha kusema maneno mengi kabla hajafungua kinywa. Jirani aliyaona majani, lakini hakuyaona maisha yaliyo nyuma ya majani.

Hiyo ndiyo maana ya ishara: kitu kionekanacho ambacho watu wamekubaliana kukipa kazi ya kusimama badala ya jambo lisiloonekana, kama amani, ushujaa au matumaini. Na taswira ni sura iletwayo akilini kwa maneno, hata msomaji akaona na kusikia mambo yasiyokuwapo mbele yake. Taswira yaweza kuwa ishara, lakini si kila taswira ni ishara.

Sasa tuyafuate majani yale yale mahali pengine. Methali yasema kwamba wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hapo nyasi si amani tena. Ni watu wanyonge wakanyagwao katika ugomvi wa wakubwa. Katika kitabu cha Isaya, majani yakaukayo ni mwanadamu mwenyewe, ambaye maisha yake ni mafupi. Na kwa mwenye shamba la mahindi, majani ni magugu ya kupaliliwa tu. Kitu ni kimoja, maana ni nne. Basi twajifunza kwamba maana haikai ndani ya kitu peke yake, bali hutoka mahali kilipowekwa, mikononi mwa nani, na kati ya watu gani. Mtu akipanda Kilimanjaro atakuta Wachagga wakiomba msamaha, si kwa konzi ya majani ya malisho, bali kwa jani la isale, mmea ule ule wanaoupanda mipakani mwa mashamba yao.

Watungaji wa mashairi wameijua kanuni hii tangu kale. Yapata miaka mia mbili iliyopita, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi uitwao Al-Inkishafi, juu ya mji wa Pate uliokuwa na utajiri mwingi kisha ukaanguka. Angaliweza kutuambia kwa neno moja kwamba mali hupita. Lakini neno hilo tumelisikia mara nyingi, na masikio yetu yamelizoea. Badala yake atuingiza katika nyumba za matajiri. Twaona madaka ya ukutani yaliyowekwa sahani za thamani, na sasa ndani yake wamelala makinda ya ndege. Mahali palipong'aa taa, popo wameshika makao. Msomaji ajikuta amesimama katika chumba kitupu, akitafuta wenyewe walikokwenda. Hapo hahitaji kuambiwa kwamba mali hupita, kwa maana ameona kwa macho ya moyo. Hii ndiyo nguvu ya taswira: mtungaji atoa ushahidi, na msomaji akata hukumu mwenyewe.

Lakini iko kazi nyingine ya mifano, nayo ni kusema jambo ambalo ni hatari kulisema waziwazi. Mwaka 1951, nchi hii ilipokuwa ingali chini ya utawala wa Waingereza, kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika kilitoka. Kusadikika ni nchi iliyo angani, ambayo hakuna msafiri awezaye kuifikia. Mle mtu aitwaye Karama ashitakiwa na waziri aitwaye Majivuno, kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Karama ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za mbali kutafuta mema, nao waliporudi nayo wakatiwa gerezani. Majina yenyewe ni ishara: karama ni kipawa, na majivuno ni kiburi. Kitabu hakikutaja nchi yo yote ya duniani wala mtawala ye yote; hata hivyo wasomaji wengi waliona ndani yake dhuluma waliyoijua. Methali yasema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Sanaa za mikono nazo zina maneno yake. Zamani alama zilizochorwa juu ya ngao za ngozi za Wamasai, ziitwazo sirata, zilionyesha mwenye ngao ni wa pande zipi na wa rika lipi. Aliyezijua alimtambua mtu kwa mbali, kabla ya kuona uso wake.

Na mlima ule uonekanao mashariki yetu mawingu yanapofunguka, wenye kimo cha mita 5,895, umebeba ishara ijulikanayo kuliko zote. Mwaka 1959 Julius Nyerere alisema katika Baraza la Kutunga Sheria juu ya kuwasha mwanga na kuuweka juu ya Kilimanjaro, uwamulike hata walio nje ya mipaka na kuwapa matumaini. Uhuru ulipofika, tarehe 9 Desemba 1961, ofisa wa jeshi Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge na bendera kileleni. Moto ule mdogo haukuweza kuonekana na mtu wa Nduruma, licha ya mtu wa ng'ambo, wala hakuna aliyelalamika. Kila mtu alijua kwamba taa iwekwapo juu huwafaa wengi, na ujuzi huo wa kila siku ndio ulioipa ishara nguvu yake. Leo mwenge huo umo katika nembo ya taifa.

Basi mwanafunzi afanyeje akutanapo na mfano kitabuni? Na ajiulize maswali matatu. Kwanza, kitu hiki chenyewe ni nini, na chafanya kazi gani katika maisha ya watu? Asiyejua malisho hataelewa konzi ya majani. Pili, kimewekwa wapi, na nani akishikaye? Tatu, kama kingaliondolewa, ni nini kingalipungua? Ikiwa hapana kilichopungua, yamkini si ishara. Kunguru apitaye katika hadithi aweza kuwa kunguru tu, na si vema kumlazimisha abebe mzigo ambao mtungaji hakumtwika.

Turudi kwenye ua wa jirani yetu. Mzee aliyefuatana na kijana asema kwa upole, "Mwanangu, kwetu mtu hashiki majani haya kwa mzaha. Kijana huyu amekiri kosa, naye aomba amani yako." Jirani anyamaza kidogo. Kisha akunjua mkono wake, ayapokea majani, na wote watatu waketi kuzungumza juu ya zamu ya maji.

Kijana alihitaji mzee wa kumfasiria. Ninyi mnaosoma, waulizeni wazee wenu maana ya vitu wanavyovishika katika sherehe, katika baraka na katika kupatanisha watu, mkayaandike madaftarini mwenu wangali hai. Kisha mkifungua shairi, mtaona kwamba mlango wake mmekwisha kuuzoea.

Kwa leo tuishie hapa. Kwaherini.