Mwanga Mkubwa Ukipita Usiku, Tushuhudie Nini?

Umeme unapokosekana usiku katika kartye zetu za Annexe, anga huonekana vizuri sana. Pengine mwanga mkali hukatiza juu, wa kijani au wa manjano, na baada ya sekunde chache umezimika. Asubuhi maneno huwa mengi: umeanguka nyuma ya nyumba ya fulani, ni ndege ya wachawi, ni dalili ya mwisho.

Tujue kwanza ni kitu gani. Kimondo ni jiwe linaloingia katika hewa ya dunia kwa mwendo wa kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde. Hewa iliyo mbele yake hubanwa na kupata joto kali, kisha jiwe huwaka. Huanza kuonekana kwenye kimo cha kilomita 100 hivi. Kwa hiyo mwanga tunaodhani umezimikia nyuma ya ukuta wa jirani huenda uko kilomita nyingi kutoka hapa. Mzee au mtoto wa nyumba ile asishitakiwe kwa ajili yake.

Mara chache mawe hufika chini. Tarehe 14 Agosti 1992 yalianguka mengi Mbale, Uganda. Kipande kidogo kilipita kwenye majani ya mgomba, kikampiga kijana kichwani bila kumuumiza sana. Baadaye wengine waliyasaga mawe hayo wakiamini Mungu ameyatuma yaponye UKIMWI. Yalikuwa mawe tu.

Basi tukiona mwanga, tuandike mara moja, kabla ya kusikiliza wengine:

- saa na dakika, na mahali tuliposimama;
- ulianzia upande gani na kuishia wapi, kwa mfano kutoka Kasumbalesa kuelekea Kipushi;
- ulidumu sekunde ngapi, ulikuwa na rangi gani, ulivunjika au hapana;
- kama ngurumo ilisikika, na baada ya dakika ngapi.

Komini yetu inauzunguka mji. Mashahidi wawili wakiwa pande mbili tofauti, wataalamu huweza kukadiria kimo cha kimondo na njia yake. Shirika la kimataifa la vimondo, International Meteor Organization, hupokea taarifa hizo kwa intaneti, hata kwa Kifaransa.

Torati nayo ilidai mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajahukumiwa. Tuseme tulichokiona, tusiongeze neno, na jirani zetu watalala salama.