Dhaifu, Mnyonge na Aliye Hatarini: Maana ya Maneno Matatu Wakati wa Maradhi ya Mlipuko katika Ewuaso Kedong

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uteuzi wa neno unavyoweza kuamua ni nani atakayesaidiwa wakati wa maradhi ya mlipuko. Mfano wetu ni Ewuaso Kedong, nchi kavu ya wafugaji iliyoko upande wa magharibi wa vilima vya Ngong, katika Kaunti ya Kajiado.

Kiswahili hakina neno moja lililokubaliwa na wote la kumtaja mtu ambaye msiba ukifika utamdhuru upesi kuliko wenzake. Wengine humwita dhaifu, wengine mnyonge, na wengine husema yu hatarini. Maneno haya hayalingani. Dhaifu huelekeza fikira kwenye mwili. Mnyonge huelekeza kwenye hali ya mtu mbele ya wenzake, yaani kukosa mali, nguvu au mtetezi. Aliye hatarini hutaja mahali alipo mtu, pasipo kueleza aliyemweka hapo.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tangu hapo wananchi walielezwa kwamba walio hatarini zaidi ni wazee, na wenye maradhi kama kisukari na shinikizo la damu. Mwezi Machi 2021, chanjo ilipoanza kutolewa, waliotimiza umri wa miaka 58 waliwekwa miongoni mwa watakaotangulia. Kitabibu hoja hiyo ilikuwa sahihi. Hata hivyo, ilihusu maana ya dhaifu peke yake.

Lugha ya Kimaasai, inayosemwa na wenyeji wa Ewuaso, imehifadhi mtazamo mwingine. Il-torrobo ni jina walilopewa watu wasio na ng'ombe, na ndani yake mna maana ya ufukara. Osotua, ambalo asili yake ni kitovu kinachomwunganisha mtoto na mamaye, ni uhusiano unaompa mtu haki ya kumwomba mwenziwe anapopungukiwa. Emutai, yaani maangamizi, ni jina la miaka ya mwisho ya karne ya 19, ambapo homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka, ndui na njaa vilifuatana. Neno hili moja halitenganishi maradhi ya mifugo na maradhi ya watu. Aliyepoteza ng'ombe zake ndiye aliyekosa maziwa, akalazimika kutafuta hifadhi kwa majirani wakulima.

Tukiyatazama matukio ya 2020 kwa maneno hayo, twaona wanyonge ambao hawakutajwa katika orodha ya madhaifu. Tarehe 6 Aprili 2020 serikali ilizuia watu kuingia wala kutoka katika eneo la Nairobi na viunga vyake. Kitengela, Kiserian, Ongata Rongai na Ngong zilikuwa ndani ya mpaka huo. Ewuaso ilibaki nje. Mizigo iliruhusiwa kupita, lakini watu walizuiwa hadi Julai. Minada mingi ya mifugo nchini ilifungwa kwa muda. Mfugaji kijana mwenye afya njema, asiyeweza kuuza mbuzi ili anunue unga, hakuwa dhaifu, alikuwa mnyonge.

Aidha, dawa ya mwili ilijeruhi kinga nyingine. Osotua hudumishwa kwa kutembeleana na kuombana ana kwa ana. Watu walipoagizwa wakae mbalimbali, aliyezoea kusaidiwa alipungukiwa na mlango wa kubisha. Kisha, tangu mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa mfululizo katika maeneo makavu ya Kenya, Kajiado ikiwamo, na mifugo mingi ikafa.

Hatusemi kwamba wazee wasitangulizwe katika chanjo. Tusemalo ni kwamba orodha moja haitoshi. Yafaa watafsiri na watangazaji watumie dhaifu wanapozungumzia mwili, na mnyonge wanapozungumzia riziki na ujamaa. Nao wagawao msaada waulize maswali mawili: mtu huyu ana maradhi gani, na akipungukiwa atamwendea nani? Jibu la swali la pili halipatikani zahanati. Hujulikana na majirani, na kwa lugha yao.