Mganga hajigangi: Nani hulipa daktari aliyejiajiri anapougua?

WAHENGA walisema mganga hajigangi. Walizungumzia tiba, lakini kauli hiyo inafaa pia kwa upande wa mfuko. Kwa daktari mwenye zahanati yake, siku asiyoona wagonjwa ni siku isiyo na mapato, ilhali kodi ya jengo, bili ya umeme na mishahara ya wauguzi havisubiri apone.

Daktari aliyeajiriwa Tanzania Bara ana mahali pa kuegemea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata hulipwa nusu.

Akiumia kazini au akipata ugonjwa utokanao na kazi, upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Kwa ulemavu wa muda, mfuko huo hulipa asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi kisichozidi miezi 24.

Aliyejiajiri hana mwajiri wa kumpa likizo hiyo wala wa kumchangia katika mfuko huo. Kundi hili lilipata nafasi tena mwaka 1991, iliporekebishwa sheria ya mwaka 1977 iliyokuwa imezuia huduma za tiba za kibiashara. Tangu hapo madaktari wengi wamefungua milango yao wenyewe mijini. Waliufungua mlango wa mapato, lakini ule wa tahadhari wengi wao hawajaufikiria.

Tahadhari inayozungumzwa hapa ni bima ya kulinda kipato. Bima hii humlipa mwenye mkataba kiasi cha fedha kila mwezi pindi ugonjwa au ajali inapomzuia kufanya kazi, hadi apone, afike umri uliotajwa katika mkataba, au muda wa malipo uliokubaliwa umalizike.

Isichanganywe na nyingine

Bima ya afya huilipa hospitali gharama za matibabu. Haigusi mapato ambayo mgonjwa ameyakosa akiwa kitandani. Bima ya ajali binafsi hulipa panapotokea ajali tu. Bima ya maisha yenye kipengele cha ulemavu wa kudumu kwa kawaida hutoa kitita kimoja, baada ya kuthibitika kwamba ulemavu huo hautaondoka.

Daktari aliyeambukizwa kifua kikuu na kuanza matibabu ya miezi 6, au aliyelazwa kwa maradhi ya mgongo, anaweza kuwa na hati zote 3 kabatini na bado asipate hata shilingi moja ya kuziba pengo la mapato yake.

Sentensi inayoamua yote

Wanunuzi wengi hutazama kwanza kiasi cha malipo na ada ya kila mwezi. Jambo lenye uzito zaidi ni sentensi moja ndani ya mkataba: ile inayoeleza maana ya "kushindwa kufanya kazi".

Zipo maana 3 zinazotumika sana. Ya kwanza ni kushindwa kufanya kazi yako mwenyewe. Ya pili ni kushindwa kufanya kazi inayolingana na elimu na uzoefu wako. Ya tatu ni kushindwa kufanya kazi yoyote ile.

Mfano ni daktari bingwa wa upasuaji ambaye mkono wake umeanza kutetemeka. Hawezi tena kushika kisu, lakini anaweza kufundisha chuoni au kuandika ripoti. Kwa maana ya kwanza, analipwa. Kwa maana ya pili, kampuni inaweza kumwambia akafundishe. Kwa maana ya tatu, madhali anaweza kukaa mezani na kupokea simu, hana dai.

Kwa daktari wa upasuaji kuna jambo jingine. Anaweza kuzuiwa kufanya kazi ilhali hajisikii mgonjwa, kwa sababu ana maambukizi yanayoweza kumfikia mgonjwa aliye mezani. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2014 watumishi wa afya wenye VVU wanaruhusiwa kufanya upasuaji wa aina hiyo ikiwa wako kwenye dawa, virusi vimefubaa na wanafuatiliwa kwa karibu. Asiyetimiza masharti hayo huweka kisu chini. Mkataba usiotaja hali ya namna hiyo humwacha daktari mwenye nguvu zake bila kazi na bila fidia.

Funzo kutoka Marekani

Katika miaka ya 1980, kampuni za bima nchini Marekani zilishindana kuwauzia madaktari mikataba yenye maana ya kwanza, kwa ada isiyopanda na bila kampuni kuwa na haki ya kuivunja. Miaka ya 1990 madai yalizidi matarajio na hasara zikawa kubwa. Kampuni ya Provident iliinunua Paul Revere mwaka 1997, kisha ikaungana na Unum mwaka 1999.

Kampuni hiyo iliyoungana ilikuja kulaumiwa kwa kukataa na kusitisha madai ya watu wa kazi mbalimbali isivyo haki. Mwaka 2004 ilifikia makubaliano na wasimamizi wa bima wa majimbo mengi, ikatozwa faini ya dola milioni 15 na kukubali kuyapitia upya madai zaidi ya 200,000.

Ujerumani nako maana ya maneno ina bei yake. Mifuko ya pensheni ya madaktari nchini humo humlipa pale tu daktari anaposhindwa kabisa kufanya kazi ya kidaktari, ilhali mikataba ya kampuni binafsi kwa kawaida huanza kulipa uwezo wake unapopungua kwa asilimia 50.

Kusubiri na kiasi

Sharti jingine ni kipindi cha kusubiri, yaani muda unaopita kati ya kuacha kazi na kuanza kulipwa. Uingereza, ambako madaktari walianzisha chama chao cha kusaidiana wakati wa ugonjwa tangu mwaka 1884, vipindi vya kawaida ni wiki 4, 13, 26 au 52. Kadiri muda unavyorefuka, ndivyo ada inavyopungua.

Daktari wa hospitali ya serikali nchini humo anaweza kuchagua kusubiri kwa muda mrefu kwa kuwa mwajiri wake humlipa kwa miezi kadhaa. Mwenye ubia katika kliniki au anayeshika zamu kwa kujitegemea hana nafasi hiyo, kwani malipo ya ugonjwa ya kisheria ni ya walioajiriwa tu.

Bima hizi hazilipi mapato yote. Kiwango cha kawaida ni kati ya asilimia 50 na 70, ili mgonjwa abaki na sababu ya kurejea kazini. Tuseme daktari anabakiwa na Sh6 milioni kwa mwezi baada ya gharama, na mkataba wake ni wa asilimia 60 kwa kusubiri wiki 13. Atalipwa Sh3.6 milioni kwa mwezi, lakini takriban miezi 3 ya mwanzo ataishi kwa akiba yake.

Fedha hizo ni za nyumbani kwake. Kodi ya jengo na mishahara ya zahanati huhitaji mkataba wa pili, wa kulinda gharama za biashara. Vilevile, kiasi kisichoongezeka kulingana na bei za bidhaa kitakuwa kimepoteza thamani kubwa baada ya miaka 20.

Hesabu na ukweli

Aliyeajiriwa huonyesha hati ya mshahara. Aliyejiajiri hutakiwa kuonyesha hesabu zake, zikiwamo zile alizowasilisha kwa mamlaka ya kodi. Daktari aliyetangaza mapato madogo ili alipe kodi ndogo atalipwa fidia kwa mapato hayo hayo madogo.

Katika fomu ya maombi, kuficha shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya mgongo ya zamani kunaweza kuipa kampuni sababu ya kukataa dai miaka mingi baadaye. Daktari ndiye mwombaji ambaye hawezi kujitetea kwamba hakujua maana ya ugonjwa aliouficha.

Kabla ya kutia saini

Kwa Tanzania, hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba kampuni na wakala wake wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Kisha daktari aombe mkataba wenyewe, maana kipeperushi cha matangazo hakitasomwa siku ya madai.

Ausome akitafuta majibu ya maswali 5: ni kazi ipi anayolindwa kwayo, atasubiri muda gani, atalipwa hadi lini, ni maradhi gani yameachwa nje, na kampuni inaweza kuuvunja mkataba au kupandisha ada katika mazingira gani. Akiambiwa jibu kwa mdomo tu, aombe liandikwe. Ada hupangwa kwa umri na hali ya afya, hivyo wakati nafuu wa kuuliza maswali haya ni akiwa bado kijana na mzima. Akishaugua, mlango huo huenda ukawa umefungwa.